Kinga, Kitulizo au Kificho? Viziduo vya Mkwaju na Mimea Mingine Dhidi ya Mwako wa Ngozi Utokanao na Jua, kwa Muktadha wa Mkwajuni, Mkoa wa Songwe

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna viziduo vya mimea dawa vinavyoweza, na visivyoweza, kuilinda ngozi dhidi ya mwako utokanao na mionzi ya jua. Hoja kuu ni kwamba neno moja, yaani "kinga", limekuwa likibebeshwa kazi tatu tofauti: kuuzuia mwale usifike kwenye ngozi, kuuzima mwako baada ya mwale kufika, na kuzisaidia seli kuhimili madhara yaliyokwisha kutokea. Kiziduo kinachofanya kazi ya pili pekee kinaweza kumwondolea mtumiaji dalili inayomwonya aondoke juani. Mkwaju, mti ulioipa Mkwajuni jina lake, unatumiwa kama mfano mkuu kwa kuwa sehemu za tunda lake zina sifa zinazopingana. Mjadala unawalenga zaidi watu wenye ualbino.

Maneno msingi: mkwaju, kiziduo, mwako wa ngozi, urujuanimno, ualbino, Songwe

1.0 Utangulizi

Mkwajuni ni makao makuu ya Wilaya ya Songwe, katika mkoa wenye jina hilohilo uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Kabla ya hapo eneo hili lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Chunya, katika ukanda wa dhahabu wa Lupa. Shughuli za wakazi wake karibu zote hufanyika juani: uchimbaji mdogo wa dhahabu, ufugaji, kilimo cha mahindi na ufuta, na uvuvi kwa walio upande wa Ziwa Rukwa. Mji uko takribani nyuzi nane na nusu kusini mwa ikweta. Kwa sababu hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari. Nyakati hizi mbili hazilingani kwa ukali. Mwezi Februari mawingu ya masika hupunguza sehemu ya mionzi, ilhali Oktoba hukuta mbingu kavu, na watu wako mashambani wakitayarisha ardhi. Yeyote anayetaka kuchunguza athari za jua kwa ngozi mahali hapa na aanze na Oktoba.

Hata hivyo, jua hilo haliwaunguzi wote kwa kipimo kimoja. Katika utafiti wa Kaidbey na wenzake wa mwaka 1979, tabaka la juu la ngozi nyeusi lilikuwa na uwezo wa wastani wa 13.4 wa kuzuia mionzi ya UVB, dhidi ya 3.4 kwa ngozi nyeupe. Melanini, kwa maneno mengine, ni losheni ambayo wakazi wengi wa Songwe wamezaliwa nayo. Wasiozaliwa nayo ni watu wenye ualbino. Sensa ya mwaka 2012, iliyowahesabu kwa mara ya kwanza nchini, iliwaorodhesha 16,477. Luande na wenzake, waliochunguza watu 350 wenye ualbino jijini Dar es Salaam na kuchapisha matokeo yao mwaka 1985, walieleza kwamba madhara ya jua kwenye ngozi huonekana tangu mwaka wa kwanza wa maisha. Kwa hiyo utafiti wowote unaodai kutafuta mmea wa "kukinga jua" katika nchi hii, hata usipowataja, watakaoutegemea kwanza ni hawa.

Hapo ndipo uzito wa suala ulipo. Machapisho kuhusu mimea na jua ni mengi, na kila mwaka yanaongezeka. Mengi huishia kwa kauli kwamba kiziduo fulani "kina uwezo wa kutumika kama kinga ya jua". Makala haya yanauliza kauli hiyo ina maana gani hasa, na ni ushahidi wa namna gani unaoweza kuibeba.

2.0 Istilahi mbili za kuwekwa wazi

Neno mwako linatumika hapa kwa maana ya itikio la mwili penye jeraha au kichokozi: wekundu, joto, uvimbe na maumivu kwa pamoja. Neno uvimbe, ambalo hutumiwa na wengi kwa dhana hii, limeachwa kwa sababu linataja dalili moja kati ya nne, tena ndilo neno wanalolijua wagonjwa kwa maana ya uvimbe wa saratani. Wekundu nao unahitaji tahadhari. Vitabu vingi vya tiba ya ngozi viliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe, na kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi. Msemaji wa Kiswahili husema "nimeungua" au "nimebabuka", na mara nyingi anachokieleza ni joto, mwasho na kuchunika, si rangi.

Kiziduo ni kile kinachotolewa katika mmea kwa kutumia kimiminiko, kiwe maji, mafuta au ethanoli. Ni muhimu kukumbuka kwamba kiziduo cha maji na kiziduo cha ethanoli cha jani lilelile ni vitu viwili tofauti kikemia. Maji huchukua sukari, polisakaridi na sehemu ya tanini; ethanoli huchukua polifenoli nyingi zaidi na kuyaacha polisakaridi chini ya chombo. Makala inayosema tu kwamba "mmea huu" unalinda ngozi haijasema jambo linaloweza kurudiwa na mtafiti mwingine.

3.0 Jua hufanya nini kwenye ngozi

Mionzi ya urujuanimno inayofika ardhini imegawanyika katika makundi mawili. UVB, yenye urefu wa mawimbi wa nanomita 280 hadi 315, huishia zaidi katika tabaka la juu la ngozi na hufyonzwa moja kwa moja na DNA. UVA, ya nanomita 315 hadi 400, hupenya zaidi na huleta madhara yake hasa kwa kuzalisha radikali huru za oksijeni.

UVB inapofyonzwa na DNA, besi mbili za thimini zilizo jirani huweza kuunganishwa zisivyopaswa. Muunganiko huo hutokea mara moja, katika sehemu ndogo sana ya sekunde. Seli ikishindwa kuurekebisha, na ikagawanyika ikiwa nao, kosa hubaki katika vinasaba. Huo ndio mwanzo wa saratani nyingi za ngozi.

Mwako huja baadaye. Seli zilizojeruhiwa hutoa ishara za dharura: saitokini huachiliwa, kimeng'enya cha saiklooksijenesi-2 huongezeka, na prostaglandini huipanua mishipa midogo ya damu. Wekundu wa UVB huanza saa kadhaa baada ya kukaa juani na kufikia kilele kati ya saa 12 na 24. Mtu aliyefanya kazi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana huweza kurejea nyumbani akijiona mzima, kisha usiku akakosa usingizi. Maumivu hayo ni taarifa iliyochelewa, na tukio linalotaarifiwa limekwisha kupita.

Kuchelewa huku ndiko kunakozaa mkanganyiko katika utafiti wa mimea. Dawa inayopakwa jioni na kuondoa maumivu huonekana imeikinga ngozi, kumbe imekuta kazi ya jua imekamilika. Hili limejulikana tangu miaka ya 1970, Snyder na Eaglstein walipoonyesha kwamba indomethasini, dawa inayozuia utengenezaji wa prostaglandini, hupunguza wekundu wa kuungua kwa jua inapopakwa kwenye ngozi. Indomethasini haikuwa imeuzuia mwale hata mmoja.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba kuuzima mwako hakuna faida yoyote kwa saratani. Mwako unaojirudia kwa miaka huisaidia seli iliyoharibika kukua. Elmets na wenzake, katika jaribio la mwaka 2010 kwa watu wenye mabaka ya awali yatokanayo na jua, waliripoti kwamba waliopewa selekosibu, kizuizi cha saiklooksijenesi-2, walipata saratani chache zaidi za ngozi zisizo melanoma kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Tena madhara ya DNA yenyewe hayaishii jua linapozama: mwaka 2015 Premi na wenzake walionyesha katika jarida la Science kwamba katika seli zenye melanini miunganiko isiyofaa ya DNA huendelea kuundwa kwa saa kadhaa gizani. Kwa hiyo kiziduo cha jioni kina nafasi yake katika sayansi. Kinachokataliwa hapa ni kukiita kinga ya jua.

4.0 Mkwaju: tunda moja, athari zinazopingana

Kokwa za ukwaju hutupwa. Nyama yake hutengenezwa juisi, hutiwa katika uji na kuungia mchuzi. Mtafiti anayefika mahali palipoitwa kwa jina la mti huu hushawishika kuanza na nyama, kwa kuwa ndiyo inayojulikana na ndiyo inayopatikana sokoni. Kwa suala la jua, ni mahali pabaya pa kuanzia.

Uchachu wa nyama ya ukwaju hutoka kwa kiasi kikubwa katika asidi ya tartariki, ambayo ni mojawapo ya asidi za alfahaidroksi. Asidi za kundi hili hutumiwa katika vipodozi kwa sababu hulainisha ngozi kwa kuondoa tabaka la seli zilizokufa. Tabaka hilo, japo limekufa, hupunguza mionzi. Uchunguzi uliofanywa kwa asidi ya glaikoliki ulionyesha kwamba ngozi iliyopakwa huungua kwa urahisi zaidi, na mwaka 2005 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa mwongozo unaotaka vipodozi vyenye asidi za alfahaidroksi viwe na onyo kuhusu kuungua kwa jua. Onyo hilo lilijengwa juu ya glaikoliki, na haliwezi kuhamishiwa kwa ukwaju bila kipimo. Lakini mzigo wa kuthibitisha umemwangukia anayetaka kupaka nyama ya ukwaju asubuhi kisha atoke nje. Wanaoutumia ukwaju usoni kwa lengo la "kung'arisha" ngozi wako katika hatari hiyohiyo.

Kokwa ina habari nyingine. Ganda lake la kahawia lina tanini na polifenoli nyingi, zikiwemo jamii ya katekini na prosayanidini, ambazo hunasa radikali huru na hufyonza sehemu ya mionzi ya urujuanimno. Kiini cheupe kilichomo ndani kina polisakaridi iitwayo zailoglukani, ambayo ni zaidi ya nusu ya uzito wa kiini chenyewe. Viwanda vya vyakula na nguo huijua kama kizitisho. Kuipata hakuhitaji mitambo mikubwa: kokwa hukaangwa hadi ganda lipasuke, kiini husagwa, unga huchemshwa katika maji, na uji unaopatikana huchujwa kisha humwagiwa ethanoli ili polisakaridi igande na kutengana.

Zailoglukani hii iliingia katika utafiti wa ngozi kupitia mlango ambao wengi hawakuutazamia. Jua linapoipiga ngozi huidhoofisha pia kinga ya mwili ya mahali hapo: seli za Langerhans, ambazo ni walinzi wa ngozi, hupungua, na keratinosaiti hutoa intalukini-10, saitokini inayozituliza seli za ulinzi. Ngozi iliyotulizwa hivyo huweza kushindwa kuitambua seli ya saratani inapochipuka. Mwaka 1999 Strickland na wenzake waliripoti kwamba zailoglukani za mkwaju, kwa dozi ndogo mno, ziliwazuia panya wa maabara wasipoteze itikio la kinga baada ya kupigwa na UVB, na kwamba keratinosaiti zilizotibiwa zilitoa intalukini-10 kidogo zaidi. Mwaka 2005 kundi lililowajumuisha Kuchel na Halliday huko Sydney lilipeleka swali hilo kwa binadamu na kuripoti kwamba mkwaju ulipunguza udhaifu huo wa kinga.

Matokeo haya ni ya thamani, na kwa maoni ya mwandishi wa makala haya ndiyo sababu nzuri kuliko zote ya kuuchunguza mkwaju wa Songwe. Lakini lazima yasomwe kama yalivyo. Yanahusu kinga ya mwili baada ya mwale kufika. Zailoglukani ni mlolongo wa sukari usio na rangi. Haina umbo la kikemia linalofyonza UVB. Mtu mwenye ualbino aliyejipaka ute wa kokwa na kutoka saa sita mchana amesimama juani akiwa uchi wa kinga, hata kama ute huo unazisaidia seli zake za Langerhans.

Kwa muhtasari wa sehemu hii tu: nyama huenda inaongeza hatari, ganda huenda linachuja kidogo na kunasa radikali huru, kiini huhifadhi kinga ya mwili bila kuchuja chochote. Mtafiti atakayesaga tunda zima na kupima "kiziduo cha mkwaju" atapata tarakimu isiyoeleza lolote kati ya hayo.

5.0 Mimea mingine kwa kulinganisha

Shubiri ndiyo inayotajwa mara nyingi zaidi kwa kuungua. Kundi la Strickland lilianza nayo kabla ya mkwaju: mwaka 1994 liliripoti kwamba ute wa shubiri ulihifadhi sehemu ya seli za Langerhans za panya, hata ulipopakwa baada ya mionzi. Watafiti wenyewe walitumia mpangilio huo wa baada kuthibitisha kwamba athari haikutokana na kuchuja mwale. Ni mfano mzuri wa jaribio linaloitenganisha kazi ya kwanza na ya tatu, na inasikitisha kwamba tafiti nyingi za baadaye hazikuuiga.

Chai iko karibu zaidi na dai la kinga. Elmets na wenzake walionyesha mwaka 2001 kwamba polifenoli za chai ya kijani zilizopakwa kwenye ngozi ya watu kabla ya mionzi zilipunguza wekundu, idadi ya seli zilizoungua na madhara ya DNA. Kipimo cha DNA ndicho kinachoipa kazi hii uzito: hawakuishia kwenye wekundu. Majani ya chai yanalimwa Rungwe, mwendo wa siku moja kutoka Mkwajuni, na makapi ya viwanda yana polifenoli pia. Ugumu wake ni kwamba katekini huharibika haraka katika hewa na joto, na losheni inayobadilika rangi ndani ya mwezi haiwezi kusafirishwa hadi zahanati ya kijijini.

Mafuta ya ufuta, nazi na mbarika hulainisha ngozi kavu, na kwa ngozi iliyopasuka hilo si jambo dogo. Kuhusu kuchuja jua, yatajadiliwa katika sehemu ya 6.0.

Ndimu lazima itajwe kwa sababu ya hatari. Ganda na juisi yake vina furanokumarini, ambazo zikipigwa na UVA hujibandika kwenye DNA ya seli na kusababisha malengelenge na madoa meusi yanayodumu kwa wiki au miezi. Mtini nao una kemikali hizo katika utomvu wake. Kwa hiyo kila kiziduo kinachokusudiwa kupakwa mchana lazima kipimwe kama kinageuka sumu kinapopata mwanga, kabla ya kupimwa kama kina faida. Mpangilio huu mara nyingi hugeuzwa.

6.0 Vipimo vya maabara na kinachosemwa navyo

Kipimo kinachopatikana katika maabara nyingi zaidi za vyuo vyetu ni cha kunasa radikali huru kwa kemikali ya DPPH. Ni cha bei nafuu, cha haraka, na karibu kila jani lenye tanini hukifaulu. Kinaonyesha kwamba kiziduo kina antioksidanti ndani ya chupa. Hakionyeshi kwamba antioksidanti hizo hupenya ngozi, wala kwamba hubaki huko kwa muda wa kutosha.

Cha pili ni mlinganyo wa Mansur wa mwaka 1986, ambao hukadiria kipimo cha kinga ya jua, kile kinachoandikwa SPF kwenye chupa, kwa kutumia spektrofotomita. Kiziduo huyeyushwa katika ethanoli, ufyonzaji wake hupimwa kila baada ya nanomita 5 kati ya 290 na 320, na matokeo huzidishwa kwa thamani zilizokwisha kupangwa. Njia hii iliandaliwa kwa losheni zenye vichujio vinavyojulikana, na kizidishio chake kiliwekwa ili losheni rejea yenye homosaleti itoe SPF ya 4. Ndani ya kikombe cha kipimo mwanga hupita sentimita 1 ya myeyusho ulio sawa kila mahali. Juu ya ngozi, tabaka la losheni lililopakwa kwa kiwango rasmi cha miligramu 2 kwa sentimita ya mraba lina unene wa takribani mikromita 20, lina mashimo, linafutwa na jasho na linaoza kwa mwanga. Hakuna sababu ya kudhani kwamba uhusiano uliowekwa kwa homosaleti unabaki vilevile kwa kiziduo ghafi.

Mfano wa mafuta unatosha. Mwaka 2010 Kaur na Saraf, wakitumia njia hii, waliripoti SPF ya takribani 7 hadi 8 kwa mafuta ya nazi na ya zeituni. Tarakimu hizo zimenukuliwa mno, hadi kwenye vibandiko vya bidhaa. Mwaka 2016 Gause na Chauhan walipima mafuta na juisi za mimea bila kutegemea mkato huo, na wakahitimisha kwamba haviwezi kusimama peke yake kama vizuizi vya mionzi. Mama aliyesoma tarakimu ya kwanza na kumpaka mtoto wake mwenye ualbino mafuta ya nazi hajafanya uzembe wowote; amesoma kilichoandikwa na wasomi.

Cha tatu ni mwako wa kemikali: sikio la panya hupakwa mafuta ya krotoni, kisha kiziduo, na unene wa sikio hupimwa. Kipimo hiki ni halali kwa swali lake, lakini swali lake halina jua ndani yake.

Tatizo la ndani zaidi limo katika kipimo cha SPF kwa binadamu, ambacho wengi hukiona kama hakimu wa mwisho. Kipimo hiki hulinganisha dozi ya mionzi inayoleta wekundu wa kwanza kwenye ngozi iliyopakwa na ile isiyopakwa. Kinachohesabiwa ni wekundu. Ikiwa ndani ya losheni kuna kitu kinachozuia prostaglandini, wekundu utachelewa na tarakimu itapanda, ilhali idadi ya miale iliyofika kwenye DNA ni ileile. Watengenezaji wakubwa duniani wamekwisha kushutumiwa kwa njia hii ya kupandisha tarakimu, na baadhi ya viambato vinavyotumiwa hivyo ni vya mimea. Kwa mtu mwenye ualbino, ambaye wekundu na maumivu ndiyo kengele pekee mwili wake unayo, losheni ya namna hiyo humzimia kengele na kumwacha ndani ya nyumba inayoungua. Hiki ndicho kilichoitwa kificho katika anwani ya makala haya.

7.0 Utafiti unaoweza kufanyika Mkwajuni

Kinga iliyothibitishwa ipo na inafahamika: kivuli, mikono mirefu, kofia yenye ukingo mpana, na losheni yenye vichujio vinavyopimika. Katika Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi mjini Moshi, kilichoanzishwa mwaka 1992 katika viwanja vya Hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni ya Kilisun mahususi kwa watu wenye ualbino. Swali la mimea haliwezi kuulizwa kana kwamba losheni hiyo haipo.

Lakini hesabu inaonyesha kwa nini swali linaendelea kuulizwa. Chukua mtu mzima mwenye ngozi ya eneo la mita za mraba 1.7. Kichwa, shingo na mikono ni takribani asilimia 27 ya eneo hilo, yaani sentimita za mraba 4,590. Kwa miligramu 2 kwa kila sentimita, mpako mmoja unahitaji gramu 9. Akipaka mara mbili kwa siku, kwa mwezi atahitaji zaidi ya nusu kilo. Familia yenye watoto wawili wenye ualbino, iliyo mbali na kliniki ya ngozi, haiwezi kununua kiasi hicho kwa mapato ya kilimo cha ufuta. Losheni ikiisha, kinachotafutwa ni kilicho karibu. Mikono mirefu ingepunguza mahitaji hayo kwa takribani nusu, na kwa maoni ya mwandishi, sare ya shule yenye mikono mifupi ni suala la tiba ya ngozi kabla ya kuwa suala la nidhamu.

Kwa hiyo utafiti wa mkwaju unaofaa hapa ni ule unaouchukulia ute wa kokwa kama nyongeza ya jioni kwa mtu anayetumia losheni na nguo mchana. Kinachopimwa kisiwe wekundu pekee. Kipimo cha miunganiko ya thimini na cha seli za Langerhans katika kipande kidogo cha ngozi vinapaswa kuwepo. Kundi la ulinganisho lipewe mafuta ya kawaida yasiyo na kiziduo, kwa kuwa kulainisha peke yake hutuliza. Aidha, washiriki waulizwe walikaa juani saa ngapi, kila wiki. Ikiwa waliopewa ute wanakaa juani zaidi kwa sababu ngozi haiwaumi, basi kiziduo kimeleta hasara hata kama maabara inakisifu.

Mambo mawili ya mahali hayapatikani katika vitabu vya mbinu. La kwanza ni zebaki. Wachimbaji wadogo wa ukanda wa Lupa huitumia kunasa dhahabu, na miti iliyo karibu na makarasha na mabwawa ya kuoshea hupokea vumbi na mvuke wake. Kokwa zitakazokusanywa lazima ziandikwe zimetoka mti gani na umbali gani kutoka eneo la uchenjuaji, na zipimwe metali nzito kabla ya kitu kingine chochote. Itakuwa kejeli kubwa kupiga vita mkorogo kwa sababu ya zebaki, kisha kuirudisha zebaki hiyohiyo katika dawa ya asili. La pili ni kuoza. Ute wa polisakaridi ni chakula cha bakteria na ukungu. Katika joto la bonde la Rukwa hauwezi kukaa bila kihifadhi, na ngozi yenye vidonda vya jua ndiyo isiyopaswa kupakwa ute uliochacha. Unga mkavu unaokorogwa kwa maji yaliyochemshwa, kwa kiasi cha siku moja, huenda ukawa umbo salama zaidi.

Kisheria, njia inategemea dai. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi umehamia Shirika la Viwango Tanzania, wakati dawa zimebaki chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Dawa za asili husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2002. Utafiti kwa binadamu huhitaji kibali cha kimaadili, na kwa ngazi ya taifa hutolewa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Ute uleule wa kokwa unaweza kuangukia mlango wowote kati ya hii, kutegemea maneno yaliyoandikwa kwenye kifungashio. Mwombaji atakayeandika "hukinga jua" atatakiwa kuleta kipimo cha kuchuja mionzi, ambacho zailoglukani haiwezi kukifaulu. Atakayeandika "hupakwa jioni baada ya jua, usitumie badala ya losheni ya kukinga jua" atakuwa ameomba kitu kinachoweza kupimwa.